Bahari Isiyo na Chumvi: Maji na Mhusika katika Uchoraji wa Kompyuta

Mchoraji anayetumia kompyuta siku hizi anaweza kumtoa mhusika wake baharini, maji yakimchirizika mabegani na povu likimzunguka magotini, na mtazamaji akaapa kwamba ameona maji. Si jambo dogo. Hata hivyo, kuona maji ni jambo moja, na kusadiki kwamba yule aliyechorwa ametota ni jambo jingine, na hili la pili ndilo ninalokusudia kulizungumza hapa. Naona kwamba maji katika sanaa hii huthibitishwa na mwili uliokutana nayo: nywele, nguo, kope, pumzi na uzito wa hatua. Msomaji wa mashairi hatasumbuka kulielewa dai hili, maana anajua kwamba mtunzi aliyejaza ubeti mzima kwa mawimbi na povu anaweza kutuacha wakavu, na mwingine akatutosa kwa kuutaja upindo wa kanga uliorowa.

Nianze na filamu ya The Abyss, aliyoiongoza James Cameron na iliyotoka mwaka 1989. Ndani yake mna kiumbe kilichofanywa kwa maji matupu: mkonga mrefu unaopenya katika kituo cha kuchimbia mafuta kilichoko chini ya bahari, ukajinyoosha ujiani mfano wa mkunga atokaye pangoni, ukawafikia wafanyakazi walioduwaa na kuziiga sura zao. Kipande hicho, cha sekunde 75 hivi, kilitengenezwa kwa kompyuta na kampuni ya Industrial Light & Magic, na filamu ikapata tuzo ya Oscar ya athari maalumu za picha. Waliokiona wakati ule waliustaajabia uso wa mwanamke uliofinyangwa kwa maji. Mimi kilichonikaa ni kidole. Mhandisi Lindsey, aliyeigizwa na Mary Elizabeth Mastrantonio, anaunyooshea mkono ule uso unaomwiga, anachovya kidole, anakitia kinywani, kisha anatambua kuwa ni maji ya bahari. Mwongozaji alikuwa na picha ambayo macho ya watu hayakuwahi kuizoea, na bado hakuridhika na ushahidi wa jicho. Aliuita ulimi. Kwa tendo hilo la sekunde chache mtazamaji anaonja chumvi kabla hajapata nafasi ya kujiuliza kama alichokiona ni maji au ni kioo kilichoyeyuka.

Ugumu wa maji kwa mchoraji unatokana na umaskini wake: hayana rangi ya kudumu wala umbo la kwao, na kila yanachoonyesha yamekiazima. Nuru inapoingia majini hupinda, kwa kiasi ambacho wanafizikia hukiandika 1.33, na inapoanguka wimawima ni asilimia 2 tu hivi inayorudi juu, iliyobaki huzama. Kadiri jicho linavyotazama kwa mshazari ndivyo maji yanavyogeuka kioo. Mvuvi haihitaji hesabu hii. Akiinama ubavuni mwa ngalawa huyaona matumbawe, akitazama mbali huiona mbingu tu. Akizama akatazama juu, ulimwengu wote wa nje hujikusanya katika dirisha la duara lenye upana wa nyuzi 97 hivi, na nje ya duara hilo uso wa maji huakisi yaliyomo chini. Picha nyingi za mhusika aliye chini ya maji humpa mbingu pana kama paa la ukumbi. Nuru yake ni nzuri, lakini mtu yule hayumo majini. Amesimama chini ya dari ya kioo.

Kosa jingine la namna hiyo ni ule wavu wa nuru unaochezacheza, ambao wachoraji wameupenda kupita kiasi. Wavu ule huzaliwa na mawimbi madogo yanayolikusanya jua na kulimwaga juu ya mchanga, maji yanapokuwa ya kina kifupi. Huonekana pia, kwa kuakisiwa, kwenye ubavu wa jahazi lililotia nanga. Kina kikizidi, wavu hufifia na kutawanyika. Kumvika nguva aliye kilindini wavu uliokoza ni sawa na kuvumisha kaskazi mwezi wa Julai: shairi lenyewe laweza kuwa na vina safi, lakini baharia aliyeketi barazani atacheka.

Mwendo wa maji nao ulikwisha kuandikwa kwa hesabu zamani. Mfaransa Claude-Louis Navier aliitoa milinganyo yake mwaka 1822, na George Stokes akaikamilisha mwaka 1845. Kompyuta zilipojaribu kuikokotoa kwa haraka, hesabu zilikuwa zikiharibika na kulipuka, hadi mwaka 1999 Jos Stam alipoonyesha njia ya kuzituliza. Leo uigaji wa maji umo hata katika Blender, programu isiyolipiwa. Sitaendelea na habari hiyo, kwa kuwa upungufu ninaousema hauko hapo. Anayetaka wimbi atalipata. Anayemtaka mtu aliyepigwa na wimbi ana kazi.

Tuyatazame matone. Wachoraji wengi wanaojifunza huyamwaga juu ya ngozi ya mhusika kama shanga nyeupe, kila moja na doa lake la nuru, wakadhani wamemrowesha. Tone la kweli hufanya kinyume cha tunavyotarajia. Nuru huliingia kutoka upande mmoja ikakusanyika upande wa pili. Kwa hiyo sehemu iliyoelekea jua huwa na giza, isipokuwa kidoa kidogo kikali, na sehemu iliyolipa jua kisogo ndiyo inayowaka. Hata kivuli cha tone kina moyo wa nuru ndani yake. Nguo nayo ina sheria yake: ikirowa hukoza rangi, kwa kuwa nuru iliyoingia chini ya ule utando wa maji hurudishwarudishwa na kunywewa na nyuzi kabla haijapata njia ya kutoka. Nguo nyeupe nyembamba huzidi hapo, ikaonyesha kilicho nyuma yake. Ngozi ya mtu haikozi kama nguo. Hung'ara, na mng'aro wake huwa na kingo kali.

Na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Huuongeza mng'aro, wakauongeza tena, wakapata mtu aliyepakwa mafuta. Mafuta hutulia mahali yalipopakwa, sawasawa. Maji hayana subira hiyo. Hujikusanya, hukatika, huacha visiwa vya ngozi kavu, huchagua njia ya mfereji wa mgongo na ya pembe ya jicho, hungoja kwenye ncha ya pua, kidevuni na kwenye kisukusuku mpaka uzito uyashinde, ndipo yakadondoka. Kope hushikana mbili mbili na tatu tatu zikawa miiba. Nywele huacha kuwa wingu, zikawa kamba. Lugha yetu, nashukuru, imezitenga hali hizi tangu kale: kurowa si kutota, kutona si kuchirizika, na kilicho chepechepe hakijawa sawa na chenye unyevunyevu. Mfasiri anayebadilisha neno moja kati ya hayo kwa jingine amebadilisha picha nzima. Mchoraji wa pwani aliyelelewa katika maneno haya amekwisha kupewa brashi kadhaa kabla hajaiwasha kompyuta.

Maji, aidha, yana kiburi cha kipimo. Uso wake una mvutano usioruhusu tone lipite ukubwa fulani, na sheria hiyo haimjali aliyelibeba. Filamu za zamani zilizotumia meli za mfano katika mabirika zilifedheheshwa na jambo hili: meli ilionekana kubwa, tufani ilionekana kali, kisha tone moja likaruka mbele ya mlingoti likiwa kubwa kama pipa, na uwongo wote ukafichuka. Maji hayakubali kudogoshwa. Jitu la mita tatu likitoka baharini matone yake ni yale yale ya mtoto, ila ni mengi zaidi, na machoni petu ni madogo zaidi. Kibwengo wa urefu wa kidole naye angelibeba tone moja begani kama mtu aliyebeba mtungi. Sanaa ya kompyuta imejaa majitu na vibwengo, na ni wachache kati yao waliopimiwa matone yao.

Kwa sababu hiyo naiheshimu Avatar: The Way of Water, filamu ya mwaka 2022 ya Cameron yule yule wa kidole. Wahusika wake ni viumbe wa buluu wenye urefu wa mita tatu hivi, na mafundi wa Wētā FX wa New Zealand waliwapa maji yanayowastahili: utando mwembamba unaoteremka kifuani, matone yanayobaki madogo juu ya nyuso kubwa. Lakini jambo lililoikoa kazi hiyo lilifanywa kabla ya kompyuta kuguswa. Waigizaji walitiwa majini kweli, katika birika kubwa, wakafunzwa kuzuia pumzi. Kate Winslet aliizuia kwa zaidi ya dakika 7. Juu ya maji vilitandazwa vibofu vidogo vyeupe ili nuru ya juu isizibabaishe kamera zilizokuwa zikinasa miondoko, huku muogeleaji akiweza kuchomoza kichwa bila kuumia. Matokeo yake tunayaona: mkono unaosukuma hukutana na kitu kinachoukataa, bega huchelewa, shingo hutangulia. Hakuna mwigizaji aliyening'inizwa kwa waya katika chumba kikavu anayeweza kuigiza kukataliwa huko. Hadithi ya filamu ni nyepesi kuliko maji yake, na urefu wake unamchosha hata mtu mwenye subira ya utenzi, hayo nayapita.

Moana inataka maneno zaidi, kwa kuwa ndani yake bahari yenyewe ni mhusika. Filamu hiyo ya Disney, iliyoongozwa na Ron Clements na John Musker, ilitoka mwaka 2016, na jina la binti anayeibeba hadithi maana yake ni bahari katika lugha kadhaa za Polinesia. Tashihisi imepigwa pande mbili: mtu amepewa jina la maji, na maji yamepewa tabia ya mtu. Katika sehemu ya mwanzo mtoto mdogo anamkinga kasa mchanga kwa jani ili ndege wasimnyakue, na bahari, kama aliyeliona tendo hilo, inajigawa, inampisha aingie, inajiinua mbele yake mfano wa shingo iliyoinama, na kumchezea nywele.

Uamuzi mkubwa wa wasanii wale ulikuwa kutoipa bahari macho wala kinywa. Inainama, inasita, inatikisa kilele chake kukubali au kukataa, na hiyo ndiyo sura yake yote. Ukiulinganisha uamuzi huo na uso wa maji katika The Abyss, utaona kwamba tashihisi imekomaa. Yule wa 1989 aliazima uso wa mtu ili atambulike. Huyu wa 2016 anatambulika kwa mwendo. Mtunzi mzuri hufanya hivyo hivyo. Anayeandika kwamba upepo ulicheka na kunyoosha vidole amempa upepo viungo visivyomfaa, lakini anayeonyesha jinsi upepo ulivyorudi mlangoni mara tatu bila kuingia ametupa tabia yake, na hatuulizi tena kuhusu uso.

Walakini kuna jambo linalonikera katika bahari ile, nalo ni utiifu wake. Demigodi Maui anapomtupa binti majini, bahari inamrudisha chomboni. Anamtupa tena, inamrudisha tena. Mchezo huo unachekesha, nami nilicheka. Lakini kila inapomrudisha, inamrudisha kama mtumishi arejeshaye kikombe mezani. Maji yaliyomwinua mtu mzima yanapaswa kuacha alama ya kazi hiyo: pumzi iliyokatika, macho yaliyofumba kwa kuwashwa, nguo iliyozidi uzito mara mbili, chombo kilichoinama upande mmoja. Nusu ya alama hizo zimefutwa kwa ajili ya kicheko. Ninaposema hivi sidai kwamba mafundi hawakuziweza. Katika sehemu ya binti anapovuka mwamba kwa mara ya kwanza, chombo kinapopinduka na mguu wake kunaswa na matumbawe, mambo ni tofauti kabisa: mwili umekuwa mzito, mikono inapapasa, na nywele zimetawanyika juu ya uso kama kitu kisicho chake. Pale hakuna bahari-mhusika. Kuna bahari, na binti aliyemo ndani yake, nasi tunamwogopea. Ajabu ni kwamba maji yaliyonyimwa tabia ya mtu ndiyo yaliyompa binti utu zaidi.

Sasa nitoke kidogo nje ya kompyuta, kwa kuwa mfano nilio nao unaiadhibu kompyuta vizuri. Mwaka 2008 Hayao Miyazaki wa studio ya Ghibli, Japani, alitoa Ponyo, filamu iliyochorwa kwa mkono, michoro takriban 170,000. Maji yake hayafanani na maji. Ni mazito kama faluda, yana mstari wa penseli ukingoni, na mawimbi ya tufani ni masamaki makubwa yenye macho, na juu ya migongo yao anakimbia mtoto mwekundu wa kike aliyetoroka baharini. Hakuna hata kipimo kimoja cha kupinda kwa nuru kilichotiiwa. Kisha mtoto yule anafika nyumbani kwa rafiki yake katikati ya dhoruba, na mama wa nyumba, Lisa, anachukua taulo na kumsugua kichwa kwa nguvu, kama akina mama wote wanavyosugua, mpaka kichwa kikayumba. Halafu anawapa watoto kinywaji cha moto chenye asali. Taulo lile limenifanya niamini kila tone la tufani iliyotangulia. Maji yaliyochorwa kama kitoto yamekuwa ya kweli kwa sababu kuna mtu aliyelazimika kuyafuta.

Wapo watakaosema kwamba taulo ni jambo la hadithi, si la uchoraji, na kwamba mchoraji wa picha moja isiyosogea hana nafasi ya kumleta mama na taulo. Sikubali. Picha moja nayo ina wakati ndani yake. Vidole vilivyokunjamana ncha huonyesha kwamba mtu amekaa majini muda mrefu. Nyayo za maji zilizokoza nyuma yake na zinazoanza kufifia kwa mbali huonyesha alikotoka na alivyotembea. Mabega yaliyopandishwa hadi masikioni huleta baridi bila kuchora upepo. Mchoraji aliyemaliza saa nane akipanga matone mia mbili kifuani mwa shujaa wake, kisha akamsimamisha wima, kifua mbele, macho yamefumbuka kabisa, ameyashughulikia maji akamsahau aliyerowa. Na siku hizi programu za akili mnemba zinayapanga matone hayo kwa sekunde chache, kwa hiyo hata ile fahari ya subira imeondoka.

Narudi kwenye ulimi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na bahari nyingi za kompyuta hazina hata gramu moja. Zimejifunza tabia zake kwenye birika la kuogelea. Hata ile bahari ya mwaka 2022 ninayoisifu ilianzia kwenye birika. Binti wa Moana husafiri siku kadhaa juu ya chombo kisicho na paa, akirowa na kukauka, na nywele zake zikikauka hurudi laini, zimejaa, kama aliyetoka kuoshwa kwa maji ya kisima. Msomaji wa visiwani anajua nywele za siku ya pili baharini zikoje: zimekakamaa, zimeshikana, na mkono ukipita ndani yake hutoka na ungaunga mweupe. Anajua pia kwamba shati lililokauka kwa maji ya chumvi halijakauka. Usiku hunywa umande likarudi kurowa, na asubuhi hukwaruza shingo. Midomo hupasuka. Mikono ya mbele huchora ramani nyeupe pale matone yalipokomea.

Hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa wengine, kwa sababu Moana ni hadithi ya watu wa visiwa, na vijana wa pwani wanaochora kwa kompyuta na simu huitazama bahari ile mara nyingi zaidi kuliko wanavyoitazama iliyo mbele ya nyumba zao. Nimeona michoro ya wavuvi, iliyochorwa kwa ustadi mkubwa na vijana hao, ambayo mvuvi wake anavuta nyavu alfajiri akiwa na ngozi ya mtu aliyetoka bafuni. Mkao ni wetu, nyavu ni zetu, hata fundo la kamba halina kosa. Maji tu ndiyo yaliyoletwa kutoka kwingine.

Kiufundi hakuna kizuizi. Programu hizi zote zina kipimo cha ung'avu wa ngozi na kipimo cha ukwaru wake. Chumvi iliyokauka inataka ung'avu upunguzwe pale maji yalipokuwapo, ukwaru uongezwe kidogo, na mstari mweupe mwembamba uachwe kwenye ukingo wa kila tone lililotoweka, hasa nyuma ya masikio, kwenye nyusi, na juu ya vinyweleo vya mikono. Kwa mchoraji aliyeizoea kazi yake ni shughuli ya dakika kumi.